Unga Mweusi wa Namalwa

Hoteli ya Mama Becky pale Salgaa haikujua upweke. Madereva wa malori waliingia tangu alfajiri, mmoja akitoka Mombasa na macho mekundu, mwingine akirudi kutoka Malaba na habari za mpakani, na kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia. Ng'ombe akizaa mapacha Eldoret, watu wa Salgaa wangejua kabla ndama hawajasimama. Becky, mtoto wa pekee wa mwenye hoteli na mwanafunzi wa darasa la sita, alilelewa katikati ya kelele hizo. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alipangusa meza, akajaza maji ya kunawa na kupeleka sahani za mandazi, huku akiokota kila neno lililodondoka.

"Becky, hayo masikio ni ya kuuza ama ya kukodisha?" dereva Jamleck alipenda kumtania.

"Ya kukodisha, boss. Agiza chai kwanza ndio nikuambie walisema nini juu yako."

Jikoni alikuwapo Namalwa, mpishi wa chapati. Alikuwa amehamia Salgaa kutoka Bungoma miaka miwili nyuma, na alipanga chumba kimoja katika ploti ya Jelagat, yeye na mtoto wake mchanga. Becky alimwita Anti. Kila asubuhi Namalwa alimwekea chapati ya kwanza, akaikunja kwenye karatasi na kumsukumia mkononi. "Kula ukitembea," angesema, "hesabu haziingii kwenye tumbo tupu."

Nyuma ya hoteli kulikuwa na shamba dogo la chama cha akina mama. Mwenyekiti alikuwa huyo huyo Jelagat, mama aliyevuka miaka sitini, sauti yake nzito, neno lake la mwisho. Becky alimwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha ya kina Jelagat. Mwezi wa nne mwaka huo wa 2007 chama kilipanda maharagwe. Akina mama hao wanane walitegemea mavuno hayo yawalishie watoto mpaka karibu na Krismasi.

Siku ya kupanda, Kipkemei, afisa wa kilimo, alikuja kwa pikipiki yake. Namalwa alitoa pakiti ya unga mweusi aliyopewa kwenye mafunzo ya wakulima mjini Nakuru. Alilowesha mbegu kwa maji yenye sukari kidogo, akanyunyizia unga ule, kisha akachanganya kivulini mpaka kila mbegu ikawa nyeusi kama kaa la moto lililozimika.

"Ai, Namalwa, unapanda ama unazika?" mama mmoja aliuliza, wengine wakacheka.

Jelagat hakucheka. "Mimi nimelima miaka arobaini bila kupaka mbegu masizi."

"Si masizi, mama," Kipkemei akasema. "Humu mna bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wataingia kwenye mizizi na kukaa ndani ya vinundu vidogo vidogo. Humo watachukua nitrojeni iliyo hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Ni kama mbolea ya bure."

Becky alikuwa amesimama hapo na trei ya vikombe. Hakuweza kunyamaza. "Kwani wanajua aje kwamba wamefika ndani ya mzizi?"

Kipkemei akamgeukia kwa furaha. "Hilo ni swali! Oksijeni ndiyo inayowajulisha. Kila bakteria ana maagizo mwilini mwake, tunayaita jeni. Udongoni oksijeni ni nyingi, na zile jeni za kutengeneza mbolea huwa zimelala, kwa sababu oksijeni nyingi huiharibu kazi hiyo. Wakishaingia kwenye kinundu wanahisi oksijeni imeshuka, basi jeni zinaamka na kazi inaanza. Lakini..."

"Becky!" mama yake aliita kutoka kaunta. "Wateja wanywe chai kwa viganja? Leta vikombe!"

Becky akakimbia. Ile "lakini" ya Kipkemei ikabaki shambani, yeye akaondoka na nusu ya kwanza.

Nusu hiyo ilimlevya. Shuleni aliwaeleza wenzake habari za jeni zinazolala na kuamka mpaka wakamwita Profesa, na jina likamkaa vizuri. Mbegu zilipoota, Profesa alianza kufikiri. Kama oksijeni nyingi inawalaza bakteria, si mtu anaweza kuwasaidia kwa kuiondoa? Mwalimu alikuwa amewaonyesha darasani kwamba udongo una hewa: alimimina maji kwenye bonge la udongo mkavu, na mapovu yakatoka. Basi maji ndiyo yanayofukuza hewa. Becky alicheka peke yake. Jambo lilikuwa rahisi namna hiyo, na wakubwa wote hawakuliona!

Upande wa juu wa shamba palikuwa na tangi la mahali pa kuoshea malori. Kila siku, tangu asubuhi, lilifurika, na maji safi yaliyomwagika yalipita kwenye mfereji kuelekea bondeni. Mama yake alikuwa amemkataza kabisa kuugusa mfereji huo. Becky alitazama huku na huku, akachukua jembe, akachimba kijia kidogo kutoka mfereji hadi sehemu ya chini ya shamba. Maji yakaingia polepole kati ya mistari ya maharagwe. Alipotoka alikificha kijia kwa mawe na magugu. Kwa kuwa bado aliona hewa haijaisha, alivaa gumboti za mama yake na kuukanyagakanyaga udongo uliolowa mpaka ukashikamana kama sakafu. Alifanya hivyo kila alasiri kwa majuma mawili, akiona akilini jinsi Kipkemei atakavyomsifu mbele ya chama kizima.

Juma la tatu majani ya upande wa chini wa shamba yalianza kupauka. Kisha yakawa manjano kama ganda la ndizi mbivu. Mimea ya upande wa juu ilikuwa imenyooka, kijani kibichi, na maua yameanza kutoka. Ile ya chini ilijikunyata kama kuku walionyeshewa. Becky akakifunga kijia, akatandaza magugu zaidi juu yake, akarudi jikoni kuosha vikombe. Hakumwambia mtu yeyote. Alijiambia kwamba yatapona yenyewe.

Hayakupona. Jumatano asubuhi Jelagat aliingia hotelini na mche mmoja mkononi, akautupa juu ya meza kati ya vikombe vya madereva.

"Mama Becky! Njoo uone kazi ya mpishi wako!"

Wariara, mama yake Becky, alitoka nyuma ya kaunta akijifuta mikono. "Mwenyekiti, kuna nini?"

"Nusu ya shamba imekufa. Nilisema tangu mwanzo, ule unga mweusi si kitu kizuri. Mtu anatoka kwao na mambo yake, anakuja kuyamwaga kwenye ardhi ya watu!"

Ulikuwa mwaka wa kura, na watu walikuwa wameanza kuulizana "wewe ni wa wapi" kwa sauti ambayo hawakuwa nayo zamani. Namalwa alisimama kwenye mlango wa jiko, kijiti cha kusukumia chapati mkononi, unga umemjaa hadi kwenye viwiko.

"Mama, tulipanda wote," akasema taratibu. "Mbona upande wa juu hauna shida? Mbegu ni zile zile."

"Hilo ndilo ninalotaka kujua." Jelagat akageuka ghafla. "Becky. Wewe ndiye unayeshinda hapa nyuma. Umeona nani akiingia upande ule?"

Macho yote yalimgeukia. Akiwaza gumboti zenye tope chini ya kitanda, akiwaza kijia, akiwaza mkono wa mama yake, alifungua kinywa, na maneno yakatoka kabla hajayachagua.

"Nilimwona... nilimwona Anti asubuhi, akimwaga kitu."

Kweli Namalwa alikuwa akimwaga kitu kila asubuhi: maji aliyooshea ndengu, tena kwenye shimo la takataka, mbali na maharagwe. Lakini Becky hakulisema hilo.

Namalwa alimtazama. Alimtazama tu, kama mtu aliyekosea mlango na kukuta nyumba si ya yule anayemjua.

Becky alienda shule. Aliporudi saa kumi, alikuta uongo wake umekua kuliko yeye. Asubuhi alisema "akimwaga kitu". Saa nne mama mmoja wa chama alisema ni dawa. Saa sita muuza mitumba alisema Namalwa alikuwa akizunguka shamba mara saba akinong'ona. Saa tisa dereva mmoja asiyejulikana alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba kuna mwanamke Salgaa anayekausha mashamba kwa kuyatazama. Hakuna aliyegusa chapati. Zilikuwa zimelala kwenye hotipoti, zimepoa, na meko ya Namalwa yalikuwa yametolewa nje na kupinduliwa, majivu yametapakaa.

"Mama, Anti yuko wapi?"

"Amejifungia kwake." Sauti ya Wariara ilikuwa ya chini. "Chama kitakutana Jumamosi shambani. Jelagat anataka ahame. Na vijana wa stendi wanasema asipotoka mwenyewe, watamtoa wao." Akamwangalia bintiye. "Mpelekee hii chai. Mimi nikienda wataona nimechukua upande."

Ploti haikuwa mbali, lakini miguu ya Becky ilikuwa mizito. Mbele ya lango vijana watatu wa stendi walikuwa wameketi juu ya gurudumu kuukuu. Mmoja alikuwa akichonga kijiti kwa kisu, polepole, bila haraka ya kukimaliza.

"Niaje, Profesa? Unapelekea mchawi chai? Angalia usigeuzwe paka."

Wenzake wakacheka. Becky alibisha mlango, na baada ya muda mrefu ukafunguka upana wa kiganja.

Chumbani nguo zilikuwa zimefungwa kwenye shuka. Mtoto alilala kitandani. Namalwa alipokea chai, akaiweka sakafuni.

"Anti, unaenda wapi?"

"Sijui. Kwetu sina shamba, baba ya mtoto alishafariki." Akakaza fundo la shuka. "Becky, mimi sikuulizi kwa nini. Wewe ni mtoto na wale ni watu wazima wengi. Lakini niambie jambo moja tu. Kweli uliniona nikimwaga dawa? Kwa sababu nimeanza kujishuku mwenyewe. Labda niliharibu kitu bila kujua."

Hapo ndipo ukweli ulimfika Becky mdomoni. Ulikuwa pale pale, juu ya ulimi. Kisha akasikia kicheko cha vijana nje na ule mkwaruzo wa kisu kwenye mti, na hofu ikaumeza.

"Sijui, Anti," akasema, akatoka mbio.

Ijumaa hakula. Darasani mwalimu alimwita mara tatu kabla hajasikia. Kila pikipiki iliyopita barabarani alidhani ni ya watu wanaokwenda kwa Namalwa. Wariara alikuwa amemtumia Kipkemei ujumbe, lakini afisa huyo alikuwa Subukia kwenye mafunzo, na haikujulikana kama angefika. Becky alijaribu kujipa moyo. Wakimhamisha tu, si atapata chumba kingine? Lakini alipofumba macho aliona kile kisu kikichonga.

Jumamosi saa nne asubuhi shamba lilijaa watu. Akina mama wa chama walisimama upande mmoja. Nyuma yao walikuwa madereva waliokuja kutazama, wauza mitumba, na vijana wa stendi, sasa si watatu tena, walikuwa kama kumi na wawili, na fimbo mikononi. Namalwa alisimama peke yake karibu na maharagwe yaliyogeuka manjano, mtoto mgongoni, furushi miguuni. Kipkemei hakuwa ameonekana.

"Mimi sina maneno mengi," Jelagat alisema. "Kuna shahidi aliyemwona. Ahame leo, na mambo yaishe."

"Mathe, chukua mzigo wako tusisumbuane," kijana mmoja akasema, akapiga hatua mbele.

"Subirini afisa!" Wariara akapaza sauti.

"Afisa wa nini? Afisa anajua uchawi?" Fimbo ilipigwa chini. Mtoto mgongoni akaanza kulia, na umati ukasogea hatua moja, kama mlango unaofungwa.

Becky hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika katikati. Alichokumbuka ni kwamba sauti iliyotoka haikufanana na yake.

"Ni mimi! Anti hakufanya kitu! Mimi ndiye niliyeua maharagwe!"

Mama mmoja akashika kichwa. "Woi! Mmemsikia? Mtoto amelishwa kitu!"

"Ni zile chapati!" mwingine akadakia. "Kila asubuhi anampa chapati kwenye karatasi, mimi nimeona kwa macho yangu!"

Kelele zikapanda mara mbili ya mwanzo. Becky alipigwa na butwaa. Katika majuma hayo yote aliogopa kwamba akisema ukweli atachapwa. Hata mara moja hakufikiri kwamba atausema na usiaminiwe. Uongo wake ulikuwa umeaminiwa kwa neno moja, na sasa ukweli wake ulikuwa umesimama mlangoni, ukibisha, na hakuna anayefungua.

Kijana wa mbele akanyoosha mkono kuchukua furushi. Becky akaona jembe limeegemezwa kwenye ukuta wa hoteli. Akalinyakua na kukimbia kwenda juu ya shamba.

"Shikeni huyo mtoto!"

"Mwacheni!" Hiyo ilikuwa sauti ya Jelagat. Alikuwa amekunja uso. "Mwacheni nione anafanya nini."

Becky alitupa magugu kando, akang'oa mawe, akachimbua udongo kwa pumzi za kukatika. Maji ya mfereji yakasita, kisha yakageuka na kuingia kwenye kijia. Yalishuka kama nyoka mwembamba wa kioo, yakapita mistari ya kijani bila kuigusa, yakafika chini na kutawanyika. Jelagat aliyafuata hatua kwa hatua. Maji yalipoishia, manjano yaliishia. Mpaka wa maji na mpaka wa ugonjwa ulikuwa mmoja, kama uliochorwa kwa rula.

Jelagat aliinama. Kando ya maji, kwenye tope lililokauka, kulikuwa na alama za gumboti, mamia, zimepandana.

"Becky," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa nzito. "Kwa nini?"

"Nilitaka kuwasaidia bakteria, Kogo." Machozi yalikuwa yakimchuruzika mpaka shingoni. "Afisa alisema oksijeni nyingi inawalaza. Nikaitoa kwa maji. Halafu majani yakageuka, nikaogopa, halafu ukaniuliza mbele ya watu, nikaogopa zaidi. Anti alikuwa akimwaga maji ya ndengu tu. Kwenye takataka."

Kutoka barabarani ikasikika pikipiki, na safari hii ilikuwa ya Kipkemei, vumbi la Subukia limemjaa mpaka kwenye nyusi. Wariara alimweleza yote kwa sentensi tatu. Kipkemei alichukua jembe, akang'oa mche mmoja wa juu na mmoja wa chini, akasuuza mizizi kwenye maji, akaomba kisu. Yule kijana wa stendi aliyekuwa akichonga kijiti alitoa chake.

Afisa alipasua kinundu cha mche wa juu na kukiinua. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi, kama ufizi wa mtoto. Akapasua cha mche wa chini. Kilikuwa kidogo, laini, na rangi ya kijani iliyochafuka.

"Maskini, Becky," akasema. "Ulichukua nusu ya maneno yangu. Nusu uliyoichukua ni kweli: oksijeni ikishuka ndani ya kinundu, bakteria wanaihisi, na jeni za kazi zinaamka. Lakini kazi hiyo inakula nguvu nyingi, na nguvu haipatikani bila kupumua. Kwa hiyo mmea unatengeneza hii rangi ya waridi. Ni ndugu ya ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Inabeba oksijeni na kuwagawia bakteria kidogo kidogo, isizidi, isikosekane. Wewe uliujaza udongo maji na kuukanyaga. Mzizi wenyewe ukakosa hewa, ukasongeka. Rangi ikapotea, bakteria wakaacha kazi, na majani yakafa njaa."

Jelagat alikuwa bado amekunja uso. "Sasa wewe, mara wanataka kidogo, mara wakikosa wanaacha kazi. Wanataka nini?"

Aliyejibu alikuwa Namalwa.

"Ni kama jiko la makaa, mama," akasema. "Lile lina mlango mdogo chini wa kuingiza hewa. Nikiufungua wote, moto unaruka na chapati inaungua. Nikiufunga wote, moto unazima na chapati inabaki mbichi. Nauacha wazi kidole kimoja tu."

"Hakuna mwalimu angesema vizuri zaidi," Kipkemei akasema.

Umati ulianza kumeguka. Vijana waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya ana safari yake, na fimbo zao zilionekana baadaye zimetupwa kando ya ua. Jelagat alibaki. Alisimama mbele ya Namalwa, akainama na kulibeba furushi mwenyewe.

"Nimekukosea," akasema. "Nilikuwa nimekwisha kukuhukumu kabla ya mtoto kusema kitu. Yeye alinipa tu nilichokuwa ninakitafuta. Rudi nyumbani kwako."

"Nitarudi," Namalwa alijibu. "Lakini mlinitukana mbele ya watu, mama. Mnisafishe mbele ya watu."

"Ni haki yako."

Jioni hiyo hiyo Jelagat alisimama katikati ya hoteli iliyojaa, akasema kila kitu kwa ile sauti yake ya kusikika mpaka barabarani, akalisafisha jina la Namalwa kwanza, kisha akakiri kosa lake mwenyewe. Becky naye alipewa adhabu. Jumapili alichimba mitaro ya kutoa maji na kuulegeza udongo pamoja na akina mama, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kipkemei aliwaambia wasitarajie makubwa: mistari michache ingetoa mizizi mipya na kupona, mingine ingebaki hivyo hivyo. Hotelini, Wariara alimtuma Becky apite meza kwa meza, asubuhi na jioni, amweleze kila mteja kwamba alisema uongo.

Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko jembe. Wengine walimsikiliza kwa upole. Wengine walimcheka. Lakini madereva wengi waliokuwapo Jumatano hawakuwapo tena. Walikuwa wameshavuka mpaka, Kampala na mbele ya Kampala, na hadithi yake ilikuwa imepanda nao.

Mwisho wa mwezi wa sita dereva Jamleck alirudi kutoka safari ndefu. Aliketi, akaagiza chai, akainamisha kichwa kuelekea jikoni. "Sasa, yule mama wa kukausha mashamba bado mnaye? Huko Tororo nimewasimulia, wakashangaa kweli!"

Becky alihisi ile hofu ya zamani ikimpanda tena. Ingekuwa rahisi kujifanya hajasikia. Aliweka kikombe mezani, akavuta pumzi.

"Boss, hiyo hadithi ni ya uongo. Mimi ndiye niliyeitunga." Akamweleza yote, kutoka mfereji hadi ndengu, bila kuruka pahali. "Ukirudi Tororo, tafadhali, waambie na hii."

Jamleck alikuna kidevu. Hakutania. "Nitawaambia," akasema. "Ila sijui kama nitawapata wote."

Becky alirudi jikoni. Namalwa alikuwa akisukuma chapati na alikuwa amesikia. Tangu Jumamosi ile alikuwa akimsemesha Becky maneno machache tu ya kazi, naye Becky hakuthubutu kudai zaidi. Sasa aliweka kijiti chini na kujifuta unga.

"Keti hapa," akasema. "Kujua nusu ya jambo si dhambi. Sisi sote tunajua nusu. Kosa lako la kwanza lilikuwa kutouliza nusu iliyobaki, na hilo lilitugharimu maharagwe. Kosa la pili lilikuwa kuogopa adhabu yako mpaka ukanibebesha mimi. Hilo lingenigharimu nyumba, labda na maisha. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku ile ile, wakati kosa bado ni lako peke yako na bado ni dogo."

"Nimesikia, Anti. Nisamehe."

Namalwa aligeuza chapati, akaitazama ikivimba, akaitoa, akaikata vipande viwili na kumpa kimoja.

"Kula umeketi leo," akasema. "Halafu nenda, kuna dereva mwingine ameingia."